Willy Gamba Afika Mwiki

Mwiki ziko mbili. Moja ni wadi ya Kasarani katika Kaunti ya Nairobi, nyingine ni wadi ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, na zimepakana kiasi kwamba mtu hulala kaunti hii akanunua maziwa ya chai kaunti ile. Matatu za kutoka mjini huacha Barabara Kuu ya Thika, hupita karibu na uwanja wa Kasarani uliofunguliwa mwaka 1987, kisha huingia kwenye barabara ambayo wakazi wameilalamikia miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya mashimo. Sunton, Hunters, Seasons: makanga anavitaja vituo kwa pumzi moja, abiria wanateremka na mifuko yao ya sukumawiki, na ghorofa za mawe zinazidi kusogeleana. Stejini Mwiki nikapanda bodaboda kuelekea upande wa Ruiru.

Kilichonipeleka huko ni kitabu. Nilikuwa nimesikia kwamba Jumamosi alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, kuna watu wanaokutana kusoma riwaya za upelelezi za Kiswahili na kubishana juu yake. Kikundi hakina jina wala kadi ya uanachama. Jumamosi hiyo walikuwa wamepanga kuijadili *Kufa na Kupona* ya Aristablus Elvis Musiba. Mimi riwaya hiyo naipenda tangu nikiwa shuleni, na nimeudhika muda mrefu kuona inatajwa kwa haraka katika vitabu vya uhakiki, chini ya kichwa cha fasihi pendwa, kisha ukurasa unafunuliwa. Nilitaka kuwasikia watu wanaoisoma bila mtihani mbele yao.

Nilimkuta fundi akimalizia sare ya shule. Nyuma yake, pazia likisogezwa, kulikuwa na benchi mbili, meza ya kukatia vitambaa na watu watano. Mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili Thika ndiye aliyekaa karibu na dirisha. Palikuwa na mama anayeuza nafaka, soja wa usiku aliyetoka usingizini muda si mrefu, kijana wa bodaboda aliyenileta (kumbe naye ni mwanachama, hakuniambia njiani) na msichana anayesoma Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kitabu chenyewe kilikuwa juu ya meza. Ni nakala ya fotokopi, jalada halipo, na mgongo wake fundi ameushona kwa uzi wa rangi ya dhahabu, ule wa kushonea jinzi. Mahali fulani katikati kurasa mbili hazipo. Mtu amezinakili kwa kalamu ya bluu kutoka nakala nyingine, kwa mwandiko wa kusimama wa mwalimu wa zamani, na kuziingiza mahali pake. Nilizishika kurasa zile nikatamani Musiba, aliyefariki mwaka 2010, angeziona.

Kwa wasioijua riwaya hii, ilitoka mwaka 1974, na mchapishaji alikuwa hapa hapa Nairobi: East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, likafa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Katika hadithi, nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) zinaibwa Dar es Salaam, ambako kamati hiyo ilikuwa na makao yake tangu mwaka 1963. Willy Gamba, mpelelezi wa serikali, anatumwa kuzitafuta, na nyayo zinamleta Nairobi. Baada ya hapo ni magari, bastola, hoteli, wanawake warembo na watu wanaokufa kabla hawajamaliza kusema walichokuja kusema. Willy alirudi katika vitabu vingine. *Kikosi cha Kisasi* kilimpeleka Kinshasa, na *Njama* ikafuata. Musiba hakuwa mwandishi wa kukaa chumbani maisha yake yote. Baadaye aliiongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania.

Mwalimu alianza kwa kukitetea kitabu kabla hakijashambuliwa. Alisema mwaka kilipotoka, Msumbiji na Angola zilikuwa bado mikononi mwa Wareno, na mwanafunzi wake wa Thika alipomsoma Willy Gamba aliuelewa ukombozi kuliko alivyouelewa katika somo la historia. Kabla ya Willy, alisema, tulikuwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzee wa Zanzibar mwenye kiko, anayekaa akafikiri mpaka fumbo likafumbuka. Kisha mwaka 1965 akaja Faraji Katalambula na *Simu ya Kifo*, na Inspekta Wingo wake. "Bwana Msa unamheshimu," alisema Mwalimu. "Huyu Willy unataka kuwa yeye."

Soja akacheka. Alisema yeye hataki kuwa Willy. Analinda godauni usiku kucha na anajua woga unavyokaa tumboni, na Willy haogopi ipasavyo. Mtu anayepigiwa risasi, akaoga, akavaa suti, akaenda kucheza dansi, huyo kwake si askari. Anakisoma kitabu kwa sababu kinamweka macho hadi alfajiri, na hilo analishukuru, lakini akiulizwa kama anamwamini Willy, hamwamini. Mama wa nafaka alikuwa na kesi nyingine. Yeye shida yake ilikuwa kwamba Willy halipi chochote. Analala hoteli, anakodi gari, anaagiza vinywaji, na hakuna ukurasa unaomwonyesha akihesabu pesa. "Serikali gani hiyo?" aliuliza, na ilikuwa wazi kwamba anauliza kweli.

Swali lake lilinipa nafasi ya kukitoa kitabu nilichokuja nacho mkobani, *The Maltese Falcon* ya Dashiell Hammett, ya mwaka 1930, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa riwaya za mpelelezi sugu. Wawili kati yao walikuwa wamekisikia, hakuna aliyekuwa amekisoma, basi nikawasimulia. Hammett alikuwa mpelelezi wa kukodiwa katika kampuni ya Pinkerton kabla hajawa mwandishi, na hadithi zake alizitoa kwanza katika gazeti la bei rahisi liitwalo Black Mask. Mpelelezi wake, Sam Spade, ana ofisi San Francisco na mshirika aitwaye Miles Archer. Anakuja mwanamke na kazi. Usiku huohuo Archer anauawa. Watu wanauana kwa ajili ya sanamu ya kipanga inayosemekana imejaa vito, na ikipatikana ni bandia, risasi tupu. Muuaji wa Archer ni mwanamke yuleyule, Brigid, ambaye Spade amekwisha kulala naye na huenda anampenda. Spade anamkabidhi kwa polisi.

Hapo chumba kililipuka. Fundi, ambaye hadi wakati huo alikuwa akisikiliza kutoka kwenye mashine yake, aliacha kukanyaga pedeli akauliza ni mtu gani huyo anayempeleka mpenzi wake kunyongwa. Soja akamjibu kwamba mshirika ni mshirika. Akiuawa lindoni, wewe uliyebaki una deni. Mama wa nafaka akauliza kama ni kweli, kama nilivyosema, kwamba Spade alikuwa na uhusiano na mke wa Archer. Nikamwambia ni kweli. "Basi asijifanye anamlilia marehemu," alisema. "Anajilinda yeye." Msichana wa Kenyatta akasema huenda vyote viwili ni kweli, na ndiyo sababu Hammett hatuingizi kichwani mwa Spade hata mara moja, tunaona mikono yake ikisokota sigara, uso wake, maneno yake, basi. Alikuwa ameshika jambo ambalo wahakiki wameliandikia vitabu, naye alikuwa amesimuliwa hadithi hiyo robo saa tu iliyopita.

Nami nilisema langu, maana sikwenda kusikiliza tu. Tofauti kubwa ninayoiona kati ya Spade na Willy ni mteja. Willy ametumwa na Chifu, mkuu wake wa kazi, na Chifu hasemi uongo. Uovu umetoka nje: kwa wakoloni, kwa makaburu, kwa vibaraka wao. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, alimpa Joram Kiango wake uhuru zaidi, akamfanya mpelelezi wa kujitegemea anayewatia wasiwasi hata polisi, lakini katika *Tutarudi na Roho Zetu?* hata Joram vita vyake ni dhidi ya Afrika Kusini ya makaburu. Kwa Hammett, anayeingia ofisini na kuweka pesa mezani ndiye wa kwanza kudanganya. Katika *Red Harvest* ya mwaka 1929 mji mzima umeoza, kuanzia tajiri aliyewaita wahuni hadi mkuu wa polisi. Hammett anamtafuta adui nyumbani kwake.

Mwalimu hakupenda. Aliniambia, kwa upole wa mtu aliyezoea kusahihisha, kwamba ni rahisi kwangu kusema hivyo leo. Wakati ule adui alikuwa nje kweli. Mabomu yaliyowaua watu wa ukombozi hayakuwa ya kubuni; Eduardo Mondlane, kiongozi wa ukombozi wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam Februari 1969 kwa bomu lililofichwa katika kitabu. "Mwandishi aliyeandika baada ya hapo," aliuliza, "angemtuma mpelelezi wake kumkamata nani, karani wa kaunti?" Nilinyamaza, kwa sababu amesema kweli, na kwa sababu kifo kile cha Mondlane hakikuwahi kunijia kichwani nikisoma Musiba, ilhali kipo nyuma ya kila ukurasa.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyelichukua lile la karani wa kaunti. Wakati chai ikichemshwa alinitoa nje, akanipeleka kwa miguu hadi mwisho wa mtaa. Udongo wa huku ni mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika viatu wakati wa mvua. Alinionyesha ploti iliyozungushiwa mabati, na juu ya ukuta wa jirani maandishi ya rangi nyekundu kwamba ardhi haiuzwi. Karibu na mtaro kulikuwa na jiwe la mpaka, bikoni, na hatua chache kutoka hapo bikoni nyingine mpya zaidi. Alisema watu wawili wana karatasi za ploti hiyo, kila mmoja na muhuri wake. Hakunitajia jina la yeyote, nami sikuuliza.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Ruiru ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi, ya kahawa na mkonge na mifugo. Baada ya uhuru kampuni na vyama vya kununua ardhi vilichukua mengi ya mashamba hayo kwa michango ya wanachama, yakakatwa, yakauzwa, yakakatwa tena. Kila anayekaa hapa amesikia habari ya hisa ya marehemu iliyobadilika jina, au ya ramani iliyopotea ofisini ikapatikana na mistari mipya. Jimbo la Ruiru lenyewe lilimegwa kutoka Juja na kupiga kura yake ya kwanza mwaka 2013. "Mpelelezi aje hapa," alisema kijana. "Willy anajua Nairobi ya mahoteli. Hajui hapa. Hata akija na gari lake hatatoka na hili tope." Alisema hivyo bila dharau. Anakipenda kitabu, ameshakisoma na kukirudia, na malalamiko yake ni ya mtu aliyetaka kualikwa.

Nikamweleza kwamba San Francisco kuna kijia kiitwacho Burritt, na ukutani pake kuna kibao cha chuma kinachosema kwamba karibu na hapo Miles Archer, mshirika wa Sam Spade, aliuawa na Brigid O'Shaughnessy. Mtu ambaye hakuwahi kuishi amewekewa alama mahali alipofia, na watalii huenda kupiga picha. Alinitazama kuona kama natania. Kisha akasema kibao kama hicho hapa kingeng'olewa siku hiyohiyo kikauzwe chuma chakavu, lakini alikuwa ameshageuka kulitazama lile jiwe la mpaka kwa namna nyingine.

Tuliporudi walikuwa wameanza kubishana bila sisi, kuhusu kama mwandishi anahitaji kupajua mahali anapopaandika. Fundi alikuwa upande wa James Hadley Chase. Mtu yeyote aliyewahi kuinama kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya mitaa ya Nairobi anamjua Chase. Amesomwa na vizazi. Alikuwa Mwingereza, na riwaya yake ya kwanza, *No Orchids for Miss Blandish* ya mwaka 1939, aliiandika kuhusu wahuni wa Marekani akitegemea ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Fundi alisema hilo linatosha kuonyesha kwamba mahali si kitu. Msomaji anataka mwendo. Soja akamjibu kwa jina moja tu: Kiriamiti.

Kila aliyekua kando ya barabara hii ya Thika amesoma *My Life in Crime* au amesimuliwa. John Kiriamiti, mzaliwa wa Murang'a, alihukumiwa Januari 1971 kifungo cha miaka 20 na viboko 48 kwa wizi wa mabavu. Kitabu alikiandika gerezani na kikatoka mwaka 1984. Hakina mpelelezi. Msimulizi wake ni mwizi, na mwizi huyo anaijua Nairobi kwa nyayo za miguu yake, kila uchochoro wa kukimbilia, kila stendi ya kupandia gari. Hoja ya soja ilikuwa kwamba Wakenya walipata kitabu chao cha mpelelezi sugu, ila kikaja kikisimuliwa na anayefukuzwa. Akaongeza kwamba yeye, mlinzi, anayelipwa kumzuia mtu kama yule, alimwombea afanikiwe kutoroka.

Niliona hapo jambo ambalo sijaliona likiandikwa. Msomaji wa Dar es Salaam wa miaka ile alipewa shujaa anayefanya kazi ya serikali, akamkubali. Msomaji wa Nairobi na vitongoji vyake alimpenda zaidi anayeikimbia. Sidai kwamba hiyo ni sheria. Mukoma wa Ngugi, aliyekulia Limuru, ameandika *Nairobi Heat* na *Black Star Nairobi*, riwaya za wapelelezi hasa, ila kwa Kiingereza, na katika chumba kile ni msichana wa Kenyatta peke yake aliyekuwa amezisoma. Kwa Kiswahili, kitabu cha mpelelezi wa upande huu wa mpaka, anayejua kusoma bikoni na kumshuku mteja wake, bado hatujapewa. Wachapishaji wetu wanachapisha riwaya ya Kiswahili wakiangalia orodha ya vitabu vya kutahiniwa, na riwaya ya bastola na vilabu vya usiku haitaingia orodha hiyo leo wala kesho. Kwa hiyo tunasoma fotokopi zilizoshonwa kwa uzi wa jinzi. Hilo linaniuma. Watu hawa wanasoma kwa makini kuliko darasa lolote nililowahi kuketi ndani yake, na hakuna anayewaandikia.

Jua lilikuwa limeshuka na mama wa nafaka alitaka kufunga duka lake, lakini msichana wa Kenyatta alisema hatujamaliza, kwa sababu hatujagusa wanawake. Wote walidhani anataka kuzungumzia wale ambao Willy analala nao. Alisema hao wameshazungumziwa vya kutosha. Yeye anamtaka Maselina, sekretari wa Chifu, katika vitabu vya Willy Gamba. Anapokea simu, anafungua mlango, anasema neno la mzaha na Willy, kisha hadithi inamwacha. Joram Kiango naye ana sekretari wake, Neema Idd. Akaniuliza kama yule Spade wangu alikuwa naye. Nikamwambia ndiyo, anaitwa Effie Perine, na kwamba katika ukurasa wa mwisho, Spade anapomjia baada ya kumkabidhi Brigid kwa polisi, Effie anakubali kwamba alilotenda ni sawa na papo hapo anamkataza asimguse.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema huyo ndiye mtu pekee katika kitabu kizima aliyetoa hukumu. Akakumbusha kwamba Kiriamiti, mwaka 1989, alimpa Milly kitabu chake mwenyewe, mchumba aliyeishi na mwizi bila kujua, na kwamba shuleni kwao wasichana walikipenda hicho kuliko cha kwanza. Kwa nini Maselina asipewe chake? Aliyeona kila faili, aliyejua nani katumwa wapi na nani hakurudi.

Mwalimu alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu," alisema. "Yule ni mtumishi wa idara ya ujasusi. Akiandika, atakuwa ametoa siri za serikali."

"Na siri hizo, Mwalimu," alijibu msichana, "nani alizipiga taipu?"